Glavu ilipanda ngazi, rungu likabaki chini: kisa cha Gift Ngoepe

Saa mbili usiku ya Aprili 26, 2017, nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha ghala ninalofanyia kazi hapa Indianapolis, bakuli la wali wa jana mapajani, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Pittsburgh Pirates walikuwa wanacheza na Chicago Cubs. Nilikuwa namsubiri mtu mmoja tu. Alipoingizwa kutoka benchi katika kipindi cha nne nikasahau kijiko. Zamu yake ya kupiga ilipofika, alisimama mbele ya Jon Lester, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye pete tatu za ubingwa, akaupeleka mpira katikati, ukapita karibu na besi ya pili, moja ya vituo vinne vya kukimbilia, ukaingia nyasini.

Hiti, yaani amepiga na kufika besi salama. Zamu ya kwanza ligi kuu, hiti ya kwanza. Na aliyeipiga alikuwa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kukanyaga uwanja wa Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, mchezo ambao ligi yake kongwe ilianza mwaka 1876.

Jina lake kamili ni Mpho Gift Ngoepe. Mpho kwa Kisotho ni zawadi, na Gift ni hiyo hiyo kwa Kiingereza, kwa hiyo mama yake alimpa zawadi mara mbili. Kwetu angeitwa Zawadi tu, yakaisha.

Simu yangu ilijaa ujumbe usiku ule. Watu ambao hawajawahi kutazama besiboli hata dakika tano walikuwa wananiambia Afrika imeingia, sasa njia imefunguka. Mimi nilifurahi kuliko wote, maana nilikuwa nimemfuatilia kijana huyu kwenye ligi ndogo kwa miaka. Lakini nilikuwa pia na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Jedwali lake la takwimu la miaka minane lilikuwa linasema kitu ambacho hiti moja isingeweza kukifuta.

Kisa cha Ngoepe nakipenda kwa sababu waliomdharau walikosea, na waliomsifu nao wakakosea, na wote walikuwa wanasoma safu ile ile ya jedwali.

Kwanza tuelewane kuhusu ligi ndogo. Msomaji wa soka asifikirie daraja la kwanza la kwetu, ambako timu inapigania kupanda. Timu ya ligi ndogo Marekani haipandi popote. Altoona, timu ndogo ya Pirates, haiwezi kuwa Pittsburgh hata ikishinda mechi zote. Anayepanda ni mchezaji. Timu kubwa inamiliki mikataba ya vijana, inawasambaza kwenye miji midogo kwa ngazi, na kila kinda anahamishwa juu au chini kadiri makao makuu wanavyoona. Meneja wa Altoona akiwa anaongoza ligi na mpigaji wake bora akaitwa juu katikati ya wiki, hana la kusema. Ni kama timu za vijana za Azam zingekuwa sita, kila moja mkoa wake, na kila moja ina viwanja, mashabiki na kanga za kuuza getini.

Mishahara yenyewe ilikuwa aibu. Wakati Ngoepe anaanza, mchezaji wa ngazi za chini alikuwa analipwa takriban dola 1,100 kwa mwezi, tena kwa miezi ya msimu tu. Ligi kuu, mwaka ule alioitwa, kima cha chini kilikuwa dola 535,000 kwa mwaka. Katikati hapakuwa na cha maana. Ukivuka mlango umevuka, na ukirudishwa umerudishwa.

Ngoepe alizaliwa mwaka 1990 Polokwane, wakati huo ikiitwa Pietersburg, akakulia Randburg, pembeni ya Johannesburg. Mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli ya Randburg Mets: usafi, jikoni, kila kitu. Familia iliishi hapo hapo klabuni, kwenye chumba kimoja kidogo. Watoto wengine hupelekwa uwanjani na wazazi. Huyu alikuwa akifungua mlango anatoka, uwanja uko mbele yake. Afrika Kusini ni nchi ya kriketi, raga na soka, na besiboli yenyewe ilikuwa ya Wazungu wachache. Mtoto wa mhudumu akawa ndiye anayeujua uwanja ule kuliko wenye klabu.

Alipofika umri wa miaka 18 alikuwa ameshaingia kwenye kambi ya vijana ambayo ligi kuu ya Marekani ilikuwa ikiiendesha Tirrenia, Italia. Barry Larkin, nyota wa zamani wa Cincinnati, alikuwa mmoja wa walimu pale, na Larkin aliwahi kuwa shotistopu, nafasi ile ile ya Ngoepe. Mwaka 2008 Pirates wakamsainisha kwa dola 15,000. Akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini na klabu ya ligi kuu ya Marekani.

Mwaka huo huo, klabu hiyo hiyo ilimsainisha kijana mwingine, Pedro Alvarez, waliyemchagua wa pili kwa nchi nzima kwenye uteuzi wa vijana wa mwaka ule. Yeye alipata zaidi ya dola milioni 6. Huyu mkumbukeni, atarudi.

Shotistopu ni nani? Ni yule anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi wanatumia mkono wa kulia, na mpira wa chini wa mtu wa kulia huelekea kwake zaidi, kwa hiyo ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote wanaodaka ndani. Anatakiwa awe na miguu ya haraka, mkono wenye nguvu wa kurusha mpaka besi ya kwanza, na vidole vya fundi saa. Ukiwa na glavu ya kweli, yaani ukijua kudaka, kwenye nafasi ile, timu itakuvumilia mengi. Ni kama kipa. Hakuna anayemuuliza kipa amefunga mabao mangapi.

Isipokuwa hapa wanamuuliza. Hilo ndilo tatizo la besiboli: kipa naye ana zamu ya kupiga penalti, tena mara nne kila mechi.

Kinda hupimwa kwa mambo matano: kupiga, nguvu, mbio, mkono na glavu. Maskauti, watafuta vipaji wa klabu, hutoa alama kuanzia 20 hadi 80, na 50 ni mchezaji wa wastani wa ligi kuu. Watu wa mtandaoni tunaofuatilia kwa mbali hatuna maskauti. Tuna jedwali la mechi, na jedwali hupenda rungu, kile kigongo cha kupigia mpira. (Naandika rungu kwa makusudi. Nikiandika gongo, wasomaji wa Dar wataanza kufikiria kitu kinachouzwa nyuma ya nyumba kwenye chupa ya soda.) Rungu lina wastani, lina mabao, lina idadi ya mipira iliyovuka ukuta. Glavu ina safu moja tu ya maana iliyozoeleka, makosa, nayo inadanganya vibaya. Shotistopu mzito asiyefikia mpira hahesabiwi kosa. Anayeufikia mpira ambao wengine wangeutazama tu ukipita, kisha ukamponyoka, huyo ndiye anaandikiwa kosa. Unaadhibiwa kwa kuwa na miguu mizuri.

Sasa angalieni wastani wa kupiga. Ni hiti kugawanya kwa zamu za kupiga. Wa .300 ni mtu wa maana, .250 ni wa kawaida, na .200 ni mstari ambao ukiukaribia meneja anaanza kukukwepa macho. Kwa zamu 500, tofauti ya .250 na .300 ni hiti 25. Msimu ni kama miezi mitano. Yaani ni hiti moja kwa wiki. Ukikaa uwanjani wiki nzima huwezi kuiona kwa jicho tofauti hiyo, lazima uandike. Ndiyo maana watu wa mchezo huu ni watu wa madaftari.

Daftari la Ngoepe lilikuwa hivi. Alianzia timu ya Pirates ya ligi ya chini kabisa Bradenton, Florida. Akapanda State College, Pennsylvania. Akaenda Charleston, West Virginia, akaanza vizuri kweli, akaumia mkono, msimu ukafa. Akarudi Bradenton kwenye ngazi ya juu zaidi. Mwaka 2013 akafikishwa Altoona, daraja la AA, ngazi mbili chini ya ligi kuu, ambako watu wa ligi ndogo husema ndiko mchujo wa kweli ulipo, maana warushaji wa pale tayari wanajua kukudanganya kwa mpira unaokata kona. Wastani wake pale ukaanguka chini ya .180.

Na mwaka huo huo wa 2013 mama yake alifariki.

Hapa nataka kukaa kidogo. Mimi nilikuwa mmoja wa waliomfuta. Nilikuwa na faili langu la makinda wa Kiafrika na wenye asili ya Afrika Mashariki, kitu cha kujifurahisha tu, na kiangazi kile nikampaka rangi ya kijivu, ambayo kwangu ilikuwa maana yake huyu basi. Sikujua habari ya mama hadi baadaye sana. Jedwali halina safu ya msiba. Kijana wa miaka 23, yuko mji mdogo wa reli katika milima ya Pennsylvania, amempoteza mtu aliyelala naye chumba kimoja pale klabuni, na kesho yake saa moja jioni kuna mrushaji anamtupia mpira kwa kilomita 150 kwa saa. Mimi nikasoma .177 nikasema hajui kupiga.

Sisemi kwamba bila msiba angepiga .280. Asingepiga. Miaka iliyotangulia na iliyofuata ilikuwa karibu karibu tu na .230, na mwaka 2016, hapa kwetu Indianapolis kwenye AAA, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu, alipiga .217 na akatolewa kwa straiki tatu, yaani mipira mitatu mizuri iliyompita, zaidi ya mara 100. Aliingia mchezoni akipiga kwa pande zote mbili, kulia na kushoto, na njiani aliwahi kuuacha upande wa kushoto kujaribu kurahisisha mambo. Rungu halikukubali. Nasema tu kwamba namba ilikuwa ya kweli lakini mimi niliisoma kivivu, kwa sababu niliuliza swali la mpigaji kwa mtu ambaye hakuwa anapandishwa kama mpigaji.

Niligundua hilo kwa macho, si kwa daftari. Mwaka 2016 nilikwenda Victory Field na mzee mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa Bukavu. Uwanja ule uko katikati ya mji, na nyuma ya eneo la nje kuna mteremko wa nyasi ambako unalipa kidogo na kutandika kitenge chako. Mzee hakuwa amewahi kuona besiboli. Tulifika mapema, wakati wa mazoezi, nikamvuta mpaka kwenye uzio wa upande wa besi ya tatu.

Kocha alikuwa anapiga mipira ya chini, mmoja baada ya mwingine, na walikuwepo vijana watatu wanapokezana kudaka. Wawili walikuwa wazuri. Wanaufuata mpira, wanauinamia, wanaudaka, wananyanyuka, wanarusha. Matendo matano. Ngoepe alikuwa na matendo mawili. Mpira ulipogonga rungu alikuwa ameshaanza kusogea, na ulipofika kwenye glavu haukuwa umekaa humo hata kidogo. Glavu ilikuwa kama ukuta tu unaougeuza mpira uende mkono wa kulia, na mkono wa kulia ulikuwa tayari nyuma ya sikio. Kuna mmoja ulipigwa kulia kwake kabisa, kuelekea besi ya tatu. Aliufikia kwa mkono wa kinyume, akiwa anaelekea nje ya uwanja, akaruka juu na kurusha hewani bila kugusa chini. Mpira ukafika besi ya kwanza ukiwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Mzee alikuwa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Yaani batu banalipa falanga juu ya kuona mutu anasimama tu?" Alikuwa anawazungumzia wale wengine wawili. Nikamuuliza, na huyu je, mzee? Akanijibu, "Huyu hapana. Huyu anafanya kazi."

Usiku ule Ngoepe alitolewa kwa straiki mara mbili na mzee akalala kwenye nyasi. Lakini nilirudi nyumbani nikafungua faili nikaondoa rangi ya kijivu. Nilikuwa nimeelewa kwa nini Pirates hawakumwacha. Miaka minane ya .230 si uvumilivu wa huruma, Wamarekani hawana huruma ya namna hiyo na mtu wa dola 15,000. Walikuwa wanampandisha kwa glavu, na kila ngazi glavu ilikuwa inafaulu mtihani.

Ila kuna swali jingine ambalo mfuatiliaji wa makinda husahau: aliye juu yake ni nani? Mchezaji wa AAA haitwi kwa sababu ameiva. Anaitwa kwa sababu kuna tundu. Na majira yale ya 2017 Pirates walikuwa wanavuja kila upande. Jung Ho Kang, Mkorea wao wa besi ya tatu, alikuwa amekwama kwao baada ya kuhukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na Marekani haikumpa viza. Starling Marte alifungiwa mechi 80 katikati ya Aprili kwa dawa zilizokatazwa. Majeruhi wakaongezeka. Wenye kucheza ndani, karibu na besi, wakasogezwa nje kwenye nyasi za mbali, ndani kukabaki wazi, na pale Indianapolis alikuwepo mtu mmoja ambaye meneja angeweza kumweka shotistopu au besi ya pili usiku huo huo bila kusali.

Viza! Nililicheka sana jambo hilo, kicheko cha uchungu. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walishinda mchujo wa kwenda fainali za dunia za watoto kule South Williamsport, Pennsylvania, timu ya kwanza ya Afrika kufuzu, wakanyimwa viza kwa sababu ya hitilafu za tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi zao. Mwaka uliofuata timu nyingine ya Uganda, ya Lugazi, ikafika, na ikawafunga watoto wa jimbo la Oregon 3 kwa 2. Sisi tumezoea viza itufungie mlango. Safari hii ilimfungia mtu mwingine, na Mwafrika akapita.

Kwa hiyo Aprili 26 nilikuwa na wali wangu, na hiti ikapatikana. Hiti ile ilikuwa ya rungu. Kesho yake vichwa vya habari vyote vilikuwa vya rungu. Watu wakafungua jedwali, wakaona mstari wa mechi za kwanza unapendeza, wakasema kumbe walimchelewesha. Hapo ndipo nilipoingiwa na ule wasiwasi. Walikuwa wanafanya kosa langu la 2013, wameligeuza tu upande: wanachukua namba chache za rungu wanapimia mtu wa glavu.

Warushaji wa ligi kuu wana daftari nene kuliko letu. Kila mpira anaotupiwa mgeni unarekodiwa, mahali ulipopita, aina yake, alichofanya. Mgeni hupewa wiki mbili za heshima, kisha wanajua. Wakagundua kwamba mpira unaovunjika chini na kutoka nje, Ngoepe anaufuata. Wakaanza kumpa huo. Alicheza mechi 28 na Pirates, hiti 12 kwa zamu 54, wastani .222. Mwezi Juni wakamrudisha Indianapolis. Novemba wakampeleka Toronto, na huko mwaka 2018 alipata hiti 1 kwa zamu 18. Ukijumlisha yote ya ligi kuu: mechi 41, hiti 13 kwa zamu 72. Wastani .181.

Zamu 72 ni chache mno kuhukumia wastani wa mtu. Hata mpigaji mzuri anaweza kupata mwezi mbaya wa namna hiyo. Lakini straiki huongea mapema kuliko wastani, na yeye alikuwa anatolewa kwa straiki zaidi ya theluthi moja ya mara zake, na ndivyo ilivyokuwa hapa AAA pia. Hiyo si bahati mbaya. Bahati mbaya ni mpira mzuri uliodakwa. Mtu asiyeugusa mpira hana cha kulaumu bahati.

Sasa mrudisheni yule Pedro Alvarez. Alifika ligi kuu Juni 2010, miaka miwili tu baada ya kusaini. Mwaka 2013, mwaka ule ambao Ngoepe alikuwa anazama Altoona, Alvarez alivusha ukuta mipira 36, akalingana na mwingine kileleni mwa National League, nusu moja ya ligi kuu, na kuchaguliwa kwenye timu ya nyota. Na alikuwa hawezi kudaka wala kurusha. Akiwa besi ya tatu mpira wake ulikuwa unaishia kwa watazamaji. Wakamhamishia besi ya kwanza, mahali ambapo huwekwa asiyefaa kwingine, na huko nako akaandika makosa kuliko wenzake. Mwishoni mwa 2015 Pirates wakamwacha.

Hawa wawili walisaini mwaka mmoja, klabu moja. Mmoja rungu bila glavu, mwingine glavu bila rungu. Klabu ilimvumilia wa kwanza karibu misimu sita kwenye uwanja mkubwa, na wa pili wiki sita. Sidhani kama ni ubaguzi tu wa dola milioni 6 dhidi ya dola 15,000, ingawa fedha iliyokwisha kutumika humfanya mtu awe mvumilivu, hilo nalo lipo. Zaidi ni kwamba rungu likipiga linaonekana kwenye ubao, watu elfu 30 wanasimama. Mpira ambao shotistopu ameufikia, na ambao mwingine asingeufikia, hauonekani popote. Ni hiti ambayo haikutokea. Utaishangiliaje?

Nikimpima Ngoepe sasa, namweka hivi: alikuwa na glavu ya ligi kuu bila shaka yoyote, na rungu la AA. Mtu wa namna hiyo miaka ya 1970 angecheza misimu kumi. Siku hizi mashotistopu wote wanapiga, kina Francisco Lindor, na glavu pia wanazo. Hakuchelewa kuitwa mwaka 2017. Alichelewa kuzaliwa, kama miaka arobaini hivi. Hiyo ni hukumu yangu, na najua wapo watakaoikataa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwa linanikera. Baadhi ya ngazi alizopanda hazipo tena. Mwaka 2021 ligi kuu ilipanga upya ligi ndogo: kutoka timu takriban 160 zenye mikataba zikabaki 120. Charleston ilikatwa. Ligi ya State College, ile ya msimu mfupi, ikafutwa yote. Wachezaji wa ngazi zilizobaki wamepata nafuu, ni kweli. Walijiunga na chama cha wafanyakazi mwaka 2022, na mkataba wa 2023 ukapandisha AAA mpaka dola 35,800 kwa mwaka na ngazi ya chini kabisa mpaka 19,800. Nafasi zimepungua, malipo yamepanda. Lakini mtu wa dola 15,000 kutoka Randburg, mwenye .205 kwenye msimu wake wa pili, leo nani atampa mwaka wa tatu? Klabu imebaki na vitanda vichache na inao wa milioni 6 wa kulaza.

Hata hivyo watu wanaingia. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, alirusha ligi kuu mwaka 2019 akiwa na Seattle, mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika. Victor, mdogo wake Ngoepe, naye alisainiwa na Pirates. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers wakachukua vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Wote wamo kwenye faili langu, na faili limebadilika. Safu ya kwanza siku hizi si wastani. Ni nafasi anayocheza na idadi ya watu walioko juu yake. Ya pili ni straiki. Wastani nimeusukuma mpaka mwisho kabisa kulia, ambako inabidi nitelezeshe kidole kuuona. Rangi ya kijivu nimeifuta.

State College walibaki na timu yao, sasa iko kwenye ligi mpya ya vijana wanaosubiri kuchaguliwa. Kiangazi cha 2023 ligi hiyo hiyo ilimpokea Dennis Kasumba, mdakaji kutoka Gayaza, Uganda, ambaye wengi walimjua kwa video zake za mazoezi na matairi ya magari. Alivaa jezi ya Frederick Keys, Maryland. Nilimwonyesha yule mzee wa Bukavu picha kwenye simu: kijana mweusi amechuchumaa nyuma ya besi ya nyumbani, ngao kifuani, glavu wazi. Mzee akaishika simu mbali kidogo na macho, kama anavyosoma barua za benki, akauliza kama huyu naye anafanya kazi au anasimama tu. Nikamwambia bado sijaenda kumwona akifanya mazoezi.